Kingamwili ya GluN2B Imetoa Bendi Tatu: Ninunue Nyingine?

"Shikamoo Daktari. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili hapa Mombasa. Natafiti kama mogoka, majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, hubadilisha kiasi cha GluN2B, kipande cha kipokezi cha glutameti, katika hipokampasi (sehemu ya ubongo) ya panya mkubwa (rat). Panya wangu wanafugwa ng'ambo ya pili, Likoni. Nawachinja kule, natoa hipokampasi, naziweka kwenye kikebe cha barafu, kisha navuka na feri hadi maabara yetu huku kisiwani. Nikifika nasaga kwa bafa yenye Triton X-100 asilimia 1, nazungusha kwenye sentrifuji, nachukua maji ya juu, mashapo namwaga. Kisha natafuta GluN2B kwa bloti ya Western: protini hutenganishwa kwa uzito kwenye jeli, zikahamishiwa kwenye utando, na kingamwili huonyesha bendi ilipo protini yake. Kingamwili niliyonunua ni monokloni (ya kloni moja ya seli) iliyotoka kwa panya mdogo (mouse), na inashika ncha ya mwanzo ya GluN2B. Katalogi yasema nitarajie bendi moja ya kilodaltoni (kipimo cha uzito wa protini) 180. Nimepata tatu: ya 180 hafifu sana, ya 115 nzito, na ya 50 nzito kupita zote. Kifurushi kilikwama forodhani siku kadhaa na barafu ikayeyuka, kwa hiyo nahisi kingamwili imekufa. Muuzaji anakana. Anasema imetajwa katika makala nyingi, na amenitumia picha ya bloti ambamo bendi zote zimepotea baada ya kingamwili kuchanganywa na antijeni yake, yaani kile ilichotengenezewa kukishika. Msimamizi wangu anataka ninunue nyingine kwa karibu shilingi 60,000, nami sina. Nilijaribu pia kwenye vipande vya ubongo vilivyohifadhiwa kwa fomalini, nikapata rangi hafifu kila mahali bila umbo lolote. Mwisho, binamu yangu ameanza ghafla kuona vitu visivyokuwepo na kusema ovyo. Nimesoma kwamba kuna ugonjwa wa kingamwili za kipokezi hikihiki. Je, naweza kumpima kwa hii niliyo nayo?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na la binamu yako, maana mengine yote yanaweza kungoja wiki nzima na hilo haliwezi.

Huwezi kumpima kwa kingamwili uliyo nayo, na tafadhali usijaribu. Kichupa chako kina kingamwili inayokisaka kipokezi. Kipimo cha hospitali huenda upande wa pili: huchukuliwa seli zilizobebeshwa kipokezi, zikawekewa majimaji ya uti wa mgongo na damu ya mgonjwa, ili ionekane kama mwili wake wenyewe umetengeneza kingamwili za kukishambulia. Tena kingamwili za ugonjwa huo hushika GluN1, kipande kingine cha kipokezi cha NMDA, wala si GluN2B unayoifuata wewe. Ugonjwa wenyewe ulielezwa mwaka 2007 na Josep Dalmau na wenzake, na wengi wa wagonjwa wa mwanzo walikuwa wanawake vijana wenye uvimbe wa ovari uitwao teratoma. Mara nyingi huanza kama ulivyosimulia, mtu kuona na kusikia yasiyokuwepo, kisha huja degedege, mdomo na mikono kujichezea, maneno kukatika, hata pumzi kuyumba. Unatibika, na kuanza matibabu mapema husaidia.

Lakini mimi simjui binamu yako, na mambo mengi hufanana na huu. Hapa Pwani daktari ataanza na malaria ya ubongo na homa ya uti wa mgongo, na ndivyo inavyotakiwa. Mpelekeni leo Hospitali Kuu ya Pwani, pale Makadara. Akipata degedege, homa, au akiacha kuitika, msingoje kukuche. Mkitaka kumsomea, msomeeni, mradi gari liwe linakwenda hospitali. Na mkifika mwambieni daktari mambo yalianza lini na kwa mpangilio gani. Kijana akichanganyikiwa mjini kwetu siku hizi wa kwanza kulaumiwa ni mogoka, na lawama hiyo inaweza kumchelewesha mtu anayehitaji kutolewa majimaji ya mgongo.

Sasa maabara. Nimekuelewa hivi: unaogopa kwamba umenunua dawa mfu, na kwamba kazi yote imekwama mpaka upate pesa ya nyingine. Kwa maelezo uliyotoa, usinunue. Sidhani kingamwili hiyo ni mbovu. Nadhani inakuambia kweli kuhusu sampuli iliyokwisha haribika kabla hujafika kisiwani, na juu ya hapo umeongezewa bendi moja isiyohusiana na GluN2B hata chembe. Ukikopa ununue nyingine, utaona yale yale ukiwa na deni.

La barafu kuyeyuka lisikukoseshe usingizi. Kingamwili za aina ya IgG ni protini sugu. Ndani ya damu ya mtu hudumu kwa wiki kadhaa katika nyuzi 37, kwa hiyo siku chache forodhani, hata kwenye joto letu, kwa kawaida haziziui. Kinachoziumiza ni kugandishwa na kuyeyushwa mara kwa mara, na kuingiwa na vijidudu. Soma karatasi iliyokuja nayo: ikiwa ina gliserini nusu kwa nusu, haitaganda hata katika nyuzi hasi 20, na stima zikipotea saa chache si msiba. Ikiwa haina gliserini, igawe leo hii kwenye vichupa vidogo vya kutumia mara moja, na usiviweke kwenye friza za nyumbani zinazojiyeyusha barafu zenyewe, kwa sababu hizo hupanda na kushuka joto siku nzima. Kichupa unachotumia sasa kiache kwenye friji ya kawaida, nyuzi 4.

Kilichoteseka ni ubongo. Ili uone namna, itabidi tukitazame kipokezi chenyewe.

GluN2B haifanyi kazi peke yake. Kipokezi kimoja cha NMDA kina vipande vinne, viwili vya GluN1 na viwili vya jamii ya GluN2. Mnyororo wa GluN2B ni mrefu, una amino asidi 1,484 kwa binadamu na karibu idadi hiyo hiyo kwa panya. Ukipiga hesabu uzito wake ni kama kilodaltoni 166. Kwenye jeli husimama karibu na 180 kwa sababu sehemu iliyo nje ya seli imening'inizwa sukari, kwa hiyo tofauti hiyo si kosa la mtu. Ncha yake ya mwanzo, ile inayoshikwa na kingamwili yako, iko nje ya seli. Katikati mnyororo unapita kwenye utando, na mwishoni uko mkia mrefu, zaidi ya amino asidi 600, unaoning'inia ndani. Herufi chache za mwisho kabisa za mkia huo ndizo zinazoshika protini iitwayo PSD-95, na PSD-95 ndiyo inayokifunga kipokezi kwenye lile tabaka zito lililo chini ya sinapsi, maungio ya seli za neva.

Tuje kwenye feri. Mnyama akifa, seli za ubongo huishiwa nguvu haraka mno. Pampu za ioni husimama, kalsiamu humiminika ndani, na kalsiamu ndiyo huwasha kimeng'enya kiitwacho kalpeini. Moja ya protini ambazo kalpeini huzikata ni GluN2B, na huikata kwenye mkia. Kinachobaki ni kipande chenye ncha ya mwanzo na sehemu ya utando, chenye uzito wa takriban kilodaltoni 115. Kingamwili yako inashika ncha ya mwanzo, kwa hiyo inakiona kipande hicho bila shida. Bendi yako ya 115 ni GluN2B iliyokatwa mkia.

Barafu hupunguza kasi ya kalpeini lakini haiizimi. Nami naijua foleni ya Likoni na kikebe cha barafu: asubuhi vipande vya barafu, saa nne maji baridi, saa tano maji tu. Hipokampasi iliyo pembeni ya kikebe hupoa tofauti na iliyo katikati, na panya wa kwanza kuchinjwa husubiri kuliko wa mwisho.

Ukipata naitrojeni ya kimiminika, gandisha hapo hapo ng'ambo. Watu wanaopandisha ng'ombe kwa mbegu zilizogandishwa huwa nayo, na wengi wao hawana hiyana ukiwaendea kwa adabu na mtungi wako. Lakini kuna njia rahisi zaidi, na ndiyo ningeanza nayo. Beba bafa yenye SDS (sabuni kali) asilimia 2 na Tris, uiweke ndani ya maji yanayokaribia kuchemka, birika la umeme linatosha. Kila hipokampasi ikitoka tu, itie kwenye bafa hiyo ya moto, mikrolita 10 kwa kila miligramu ya tishu, uisage kwa mchi mdogo wa plastiki, kisha iache kwenye nyuzi 95 kwa dakika 5. Joto na SDS kwa pamoja huivuruga kalpeini na vimeng'enya vingine vyote, na baada ya hapo unaweza kukaa kwenye foleni ya feri ukinywa madafu. Usiiweke kwenye barafu tena, SDS hugandama ikipata baridi. Usitumie chumvi ya potasiamu kwenye bafa, maana nayo huigandamisha. Utaona pia kwamba sampuli imekuwa ute mzito unaovutika na kukataa kuingia kwenye pipeti. Hiyo ni DNA. Ipitishe mara kadhaa kwenye sindano nyembamba mpaka itiririke. Na ukipima kiasi cha protini, tumia njia ya BCA. Ile ya Bradford hupotoshwa na SDS.

Tahadhari moja kabla hujamgawia mwenzako mapishi haya. GluN2B inavumilia kuchemshwa, lakini vipokezi vya glutameti vya jamii nyingine, ya metabotropiki, kama mGlu5, vinavyoupita utando mara saba, huelekea kushikamana madonge vikichemshwa na kubaki juu ya jeli. Hivyo vina utaratibu wake.

Tatizo la pili ni Triton, na hapa ndipo nilipotikisa kichwa niliposoma barua yako, kwa sababu mapishi uliyofuata ni ya kawaida kabisa na yamo katika nusu ya vitabu vya maabara. Kwa protini nyingi za seli yanafaa. Kwa kipokezi cha NMDA cha panya aliyekomaa hayafai. Tabaka lile la chini ya sinapsi ni protini zilizoshonana, na kipokezi kimo ndani yake kama tende zilizogandamana kwenye kikapu: maji baridi yanapita juu na tende hazisogei. Triton X-100 ni sabuni pole, huyeyusha utando na kuliacha tabaka hilo zima. Ukizungusha kwenye sentrifuji, tabaka linashuka chini, nawe ukamwaga mashapo. Kwa maneno makavu, sehemu kubwa ya GluN2B uliyokuwa ukiitafuta iliishia kwenye sinki.

Sasa unganisha mambo haya mawili. Kipokezi kizima kina mkia, mkia umeshika PSD-95, kwa hiyo kimezama kwenye mashapo. Kipande cha 115 kimekatwa mkia, hakina nanga, na inaelekea ndicho kilichopanda kirahisi kwenye maji ya juu. Ndiyo maana ya 180 ikawa hafifu na ya 115 nzito. Kingamwili mfu isingeweza kupanga hadithi iliyonyooka hivyo.

Imebaki ya 50, nayo ni jambo dogo. Kingamwili yako ya kwanza imetoka kwa panya mdogo, kwa hiyo kingamwili ya pili, ile inayoishika ya kwanza na kubeba kimeng'enya cha kutoa mwanga, imetengenezwa kushika IgG ya panya mdogo. Tishu yako ni ya panya mkubwa, na IgG za wanyama hawa wawili zinafanana kiasi cha kuidanganya. Ubongo usiosafishwa damu una IgG ya mnyama mwenyewe, na kwenye jeli mnyororo mzito wa IgG husimama kwenye 50, mwepesi kwenye 25. Kama jeli yako haikuachia vitu vidogo vikimbie nje, rudia kuitazama picha chini kabisa. Jaribio la kuthibitisha halina gharama: kata kipande cha utando wa bloti, kipe kingamwili ya pili peke yake. Bendi ya 50 ikibaki, umemaliza. Dawa yake ni kusafisha damu kwa kupitisha maji ya chumvi moyoni kabla ya kutoa ubongo, au kununua kingamwili ya pili iliyochujwa isishike IgG ya panya mkubwa, ambayo ni rahisi kuliko ya kwanza. Na uhakikishe bafa unayoitumia na kingamwili ya pili haina azaidi ya sodiamu, kwa sababu huua kimeng'enya cha peroksidezi kinachotoa mwanga.

Haya yote ni dhana yangu mpaka uipime, na jeli moja inatosha. Weka hipokampasi iliyosagwa kwa SDS ya moto. Kando yake weka maji ya juu ya Triton kwa njia yako ya zamani, halafu mashapo yake yaliyoyeyushwa kwa SDS. Kisha weka serebela (ubongo mdogo wa nyuma) ya panya aliyekomaa, na mwisho ini. Tumia jeli ya asilimia 6 hadi 7.5, maana protini ya 180 haitembei vizuri kwenye jeli nzito. Unapohamishia kwenye utando punguza methanoli hadi asilimia 10 na uache usiku kucha kwa volti 30 ndani ya friji, kwa kuwa protini kubwa huhama polepole na methanoli nyingi huzibana.

Nimechagua serebela kwa makusudi. Kwa panya aliyekomaa, seli za chembechembe za serebela hutumia zaidi GluN2A na GluN2C, na GluN2B hushuka mno baada ya wiki za mwanzo za maisha. Hipokampasi inayo tele. Kwa hiyo mnyama mmoja anakupa tishu yenye protini na tishu isiyo nayo, bila kuagiza chochote ng'ambo. Wakaguzi wa makala watakuuliza habari za panya waliofutwa jeni, na kweli ndicho kipimo bora, ila panya wasio na GluN2B kabisa hufa mara baada ya kuzaliwa kwa kushindwa kunyonya, hivyo huwezi kumpata mzima wa kulinganisha. Mbadala mzuri ni seli za HEK293, seli za binadamu zinazokuzwa maabara, zilizopewa jeni ya GluN2B zikiwekwa kando ya zisizopewa. Ukizipa GluN1 pamoja nayo, ongeza kizuizi cha kipokezi kwenye maji yao ya kukuzia, la sivyo zitaingiwa na kalsiamu na kufa.

Nikisia sahihi, utaona 180 nzito kwenye hipokampasi ya moto na kwenye mashapo, 115 ikififia au kupotea, serebela karibu tupu, ini tupu. Ini likitoa bendi ya 180 nzito, basi mimi nimekosea, kingamwili inashika kitu kingine, na msimamizi wako ana haki.

Kuhusu muuzaji, hoja zake mbili ni za kawaida na zote mbili ni dhaifu. Kutajwa katika makala nyingi hakuthibitishi kitu. Mwaka 2023 kikundi cha YCharOS kilichapisha majaribio ya kingamwili 614 za kibiashara dhidi ya protini 65 za mfumo wa neva, kila moja ikilinganishwa na seli zilizofutwa jeni husika. Nyingi zilishindwa, na miongoni mwa zilizoshindwa zimo zilizokwisha tumika katika makala zilizochapishwa. Wauzaji kadhaa waliziondoa sokoni au wakabadilisha maelekezo baada ya hapo, jambo la kuwapongeza. Hoja ya antijeni ya kuzuia ni mbaya zaidi kwa kuwa inashawishi macho. Ukichanganya kingamwili na antijeni yake, unaziba mikono yake yote, kwa hiyo bendi zake zote hupotea, za kweli na za uongo. Inathibitisha tu kwamba kingamwili inashika antijeni iliyotengenezewa, na hilo hakuna aliyelibisha. Ajabu ni kwamba kwako ingekuwa na faida moja ndogo: bendi yako ya 50 ingebaki palepale, maana haitoki kwa kingamwili ya kwanza.

Siku ukilazimika kununua, tafuta kwanza iliyopimwa dhidi ya seli au tishu isiyo na protini, kisha tazama aina. Polikloni hutoka kwenye damu ya mnyama mmoja au wachache, na mnyama akifa hutapata tena ile ile. Monokloni za hibridoma (seli za kingamwili zilizounganishwa na seli za saratani), njia iliyobuniwa na Köhler na Milstein mwaka 1975, ni afadhali. Zile rikombinanti, ambazo mfuatano wa jeni zake unajulikana, ndizo zilizoongoza katika majaribio ya YCharOS. Kwa GluN2B kuna kloni N59/36 ya mradi wa NeuroMab wa Chuo Kikuu cha California, Davis, ambayo watu wengi wameitumia. Angalia pia benki ya hibridoma ya Chuo Kikuu cha Iowa, ambayo si ya kibiashara na bei zake ni nafuu. Ikiwa una pesa ya moja tu, ningenunua inayoshika mkia, ili uwe na mbili za pande mbili: ya mkia isipoiona bendi ya 115 na ya ncha ikaiona, hadithi ya kalpeini imekamilika. Na chochote utakachotumia, andika kwenye tasnifu namba ya kloni na namba ya RRID (utambulisho wa vifaa vya utafiti), usiandike jina la kampuni peke yake.

Vipande vya fomalini ni jambo jingine kabisa, usivichanganye na bloti. Kwenye bloti SDS imekwisha nyoosha protini, kingamwili inakutana na mnyororo ulio wazi. Kwenye kipande kilichohifadhiwa, protini imebaki imejikunja, fomalini imeifunga na jirani zake, na kwa kipokezi cha NMDA lile tabaka la sinapsi linaiziba njia. Kingamwili nzuri kwenye bloti inaweza isione kitu hapo. Watanabe na wenzake walionyesha mwaka 1998 kwamba kuvilowesha vipande kwenye pepsini, kimeng'enya kinachokata protini, kabla ya kingamwili hufungua njia hiyo. Dakika chache tu katika nyuzi 37. Ukizidisha, kipande kinasambaratika mbele ya macho yako. Ukifanikiwa, tumia ramani ya ubongo kujihukumu: katika eneo la CA3 la hipokampasi kuna utepe mwembamba, stratamu lusidamu, ambao una vipokezi vya NMDA vichache kuliko jirani zake. Utepe huo ukitokea mweupe kati ya tabaka zilizokolea, una picha ya kweli. Rangi ikiwa sawa kila mahali, huna.

Nimeacha kwa makusudi jambo ambalo hukuliuliza, na ndilo linalonisumbua zaidi. Hukuniambia uliwachinja panya kwa mpangilio gani. Ikiwa kundi la mogoka lilichinjwa kwanza na kundi la maji likafuata, basi hipokampasi za mogoka zilikaa muda mrefu zaidi kwenye kikebe, kalpeini ikazikata zaidi, na bendi ya 180 ikapungua. Ungeandika kwamba mogoka umepunguza GluN2B, kumbe umepima foleni ya Likoni. Tangu kaunti yetu ilipopiga marufuku mogoka Mei 2024 na mahakama kuisimamisha amri hiyo, kila upande unatafuta utafiti wa kushika mkononi, na matokeo yako yatasomwa na watu ambao hawatafungua sura ya mbinu. Data za sampuli za zamani usizitumie kulinganisha makundi, hata kama tofauti inaonekana nzuri. Kwa awamu mpya, changanya makundi kwa bahati nasibu siku ya kuchinja na siku ya jeli, umri wa panya uwe mmoja maana GluN2B hubadilika na umri, na anayesoma bendi asijue ni ya nani. Weka pia mfululizo wa mikrogramu 5, 10, 20 na 40 za sampuli moja, uone kama bendi inaongezeka sambamba na kiasi. Linganisha na jumla ya protini kwa rangi ya Ponceau, inayopaka protini zote kwenye utando. Aktini, protini ambayo wengi huitumia kulinganishia, peke yake hufika kikomo mapema na kukuficha tofauti. Na hesabu ni ya wanyama. Panya mmoja kwenye mistari mitatu ya jeli ni panya mmoja.

Kabla hujachinja tena, mwonyeshe msimamizi wako mpango huu, na kama utaratibu wa kuchinja unabadilika, peleka mabadiliko hayo kwa kamati ya maadili ya wanyama iliyokupa kibali. Kwa jeli ile ya kwanza, tumia tishu iliyobaki au mnyama aliyekwisha pangiwa kuchinjwa.

Ukiipata jeli hiyo na bado haieleweki, barua haitatosha. Tafuta mtu akae nawe mezani. Kilifi hapo kuna maabara za utafiti za KEMRI-Wellcome Trust na za Chuo Kikuu cha Pwani, na watu wanaoshika protini kila siku ni wepesi kumsaidia mwanafunzi aliyekuja amejiandaa. Nenda na picha nzima ya bloti isiyokatwa pembeni, yenye ngazi ya vipimo, picha ya Ponceau ya utando uleule, karatasi ya kingamwili yenye namba ya kundi, na daftari lako lenye saa ya kila panya, aliyochinjwa na aliyotiwa kwenye bafa.